Samaki 62 kutoka Ujiji hadi Dar katika joto la Oktoba

Jumatatu, Ujiji

Leo hawajala. Mdogo wangu alishika kopo la chakula asubuhi kama kawaida yake, nikamzuia mlangoni. Samaki walikuwa wameshamwona. Walipanda juu ya maji kundi zima, wakamfuata upande huu na upande ule wa tangi, midomo wazi. Inauma kuwaangalia ukijua watakaa hivyo siku mbili na nusu hata kabla ya kufungwa. Lakini samaki anayesafiri na tumbo lililojaa anasafiri na sumu yake mwenyewe. Kila alichokula leo atakitoa ndani ya mfuko wenye lita tatu za maji, na humo hakuna pampu, hakuna chujio, hakuna pa kukimbilia.

Mzigo wa safari hii ni samaki 62 wa mapambo, wote wamezaliwa hapa nyumbani kwenye matangi yetu ya saruji. Wachanga wa Tropheus duboisi ni 40, wale weusi wenye madoa meupe kama nyota, madoa ambayo yanapotea wakikua. Brichardi ni 16, wenye mikia iliyochongoka pembe mbili. Wakubwa ni frontosa 6, kila mmoja kama urefu wa kiganja, mistari myeusi na kinundu kinaanza kuchomoza kwenye paji la uso. Duboisi jike hutaga mayai machache tu na kuyaatamia kinywani mwake kwa wiki kadhaa bila kula vizuri. Kundi la watoto 40 ni kazi ya majike mengi na miezi mingi, ndiyo maana siwezi kusema "wakifa watatu si kitu".

Wanakwenda Dar es Salaam kwa mama mmoja mwenye duka la samaki wa mapambo. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa barabara, kupitia Uvinza, Tabora, Manyoni, Dodoma na Morogoro. Na mwezi ni huu, Oktoba, mvua bado, Tabora iko kwenye mwezi wake wa joto kali kuliko yote.

Mwaka jana, mwezi kama huu, nilipeleka 60 kwa mteja mwingine. Walifika wazima wote. Saa tatu baadaye 38 walikuwa wamekufa ndani ya nyumba yenye kiyoyozi. Nitaeleza nikifika huko, kwa sababu ilinichukua muda mrefu kuelewa kilichowaua, na tangu nielewe nafanya mambo tofauti.

Jumanne, Ujiji

Siku ya maandalizi. Asubuhi niliwatembelea mafundi wa kuchomelea ninaojazia kwao oksijeni, nikarudi na mtungi mkubwa na mdogo. Maboksi meupe ya stairofomu, yale yanayosafirisha samaki wabichi, nimeyaosha kwa maji matupu, bila sabuni. Chupa za maji za lita moja na nusu nimezijaza na kuzilaza kwenye friza, kumi. Deli la barafu nimelikagua mfuniko.

Kazi kubwa ilikuwa maji. Ziwa Tanganyika lina maji magumu, yenye madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi na magadi ya maji) inakaribia 9, na samaki wake hawajui mengine. Nimevuta maji ya ziwa tangu Jumamosi, yametulia kwenye mapipa yaliyofunikwa, safi kabisa. Haya ndiyo watakayosafiria. Wengi wanachota maji ya tangi lile lile walimokuwa wakiishi wakidhani ni kuwaonea samaki huruma. Maji yale yana uchafu tayari. Unaanza safari ukiwa na deni.

Usiku tumefunua mifuniko ya matangi na kuacha madirisha wazi upepo wa ziwa upite. Tangi lilikuwa nyuzi 27, nataka lifike 24 au 25 kabla ya kufunga, lakini polepole, usiku kucha. Samaki akipoa kidogo anapumua kidogo, na uchafu anaotoa unapungua. Maji nayo yakiwa baridi hushika oksijeni zaidi: yenye nyuzi 25 yanaweza kubeba miligramu 8 na kitu kwa lita, yakifika 35 hayavuki 7. Kwa hiyo joto linampiga samaki pande mbili, linamwongezea haja ya pumzi huku likimpunguzia pumzi yenyewe.

Nimempigia mama wa Dar. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, tangi lako liko tayari tangu wiki iliyopita, chumvi na magadi nimeweka kama ulivyosema, pH inasoma nane na nusu." Nikamwomba jambo moja: tukifika usiku, taa za tangi zizimwe na asiwepo mgeni yeyote dukani. Akasema sawa, hata wajukuu atawalaza mapema.

Jumatano, jioni, Ujiji

Tulianza kufunga saa 10, jua lilipoanza kulegea.

Mfuko tunauvisha ndani ya mwingine, na katikati ya mifuko miwili tunapitisha karatasi ya gazeti. Gazeti lina kazi mbili. Linaleta giza, na samaki aliye gizani hutulia, hapigani wala hajipigizi. Halafu linazuia miiba. Pezi la mgongoni la frontosa lina miiba migumu kama sindano ya kushonea magunia, akishtuka na kuisimamisha anatoboa mfuko wa ndani mara moja. Pembe mbili za chini za mfuko ninazikunja na kuzifunga kwa selotepu hadi kitako kiwe cha mviringo, maana samaki mdogo akibanwa kwenye pembe hawezi kugeuka, anafia pale pale huku maji mazuri yako sentimita tano kutoka kwake.

Maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili. Watu wakiona mfuko wenye maji kidogo namna ile wanahuzunika, wanataka niongeze. Samaki hapungukiwi maji. Anapungukiwa hewa iliyo juu ya maji. Unaukamua mfuko hadi hewa ya kawaida yote itoke, unaingiza mpira wa mtungi, unafungua taratibu, mfuko unasimama, unausokota shingo mara nne, unaikunja ile shingo na kuibana kwa rababendi tatu. Kisha unaugeuza kichwa chini juu ya sakafu kavu na kuhesabu hadi thelathini. Tone moja likidondoka, unaanza upya.

Duboisi nimewaweka watanowatano, mifuko minane. Brichardi wanne wanne, minne. Frontosa kila mmoja na mfuko wake, kwa sababu wakubwa wawili kwenye giza na nafasi finyu wataumizana. Mifuko 18, maboksi matatu. Kila boksi lina kipimajoto chenye waya: kichwa chake kiko katikati ya mifuko, kioo chake kiko nje, nisilazimike kufungua mfuniko kila nikitaka kujua hali. Vinasoma 24.6, 24.5, 24.8.

Barafu sijaweka ndani. Usiku ni mrefu na ni wa baridi, na barafu ikiwekwa mapema inawashusha haraka kisha inaisha wakati wa mchana unapoihitaji. Imekaa kwenye deli, imelala kwenye maranda.

Saa 1 usiku shemeji, mume wa dada yangu, alikuja na Noah yake. Ameondoa viti vya nyuma na kutandika godoro la sponji. Mdogo wangu alibaki amesimama getini na taa ya simu mpaka tulipokata kona.

Alhamisi, njiani

Uvinza tulipita harufu ya chumvi ikiwa bado hewani, tukavuka Malagarasi, na mpaka hapo shemeji alikuwa anaendesha kama amebeba mgonjwa, kila tuta anapanda kwa gia ya kwanza. Baada ya Kaliua tairi la nyuma likapasuka. La akiba lilikuwepo lakini jeki iligoma, tukasubiri lori lipite. Saa mbili na nusu zimekwenda. Usiku zilikuwa hazina gharama kwa samaki, vipimajoto vilikuwa vimeshuka hadi 24.1. Nilijua gharama yake itakuja kudaiwa mchana.

Tabora alfajiri. Nilishuka kukagua maboksi chini ya miembe, nikafungua mfuniko mmoja kwa dakika moja. Mifuko ilikuwa imebana kuliko nilivyoifunga, inalia kama ngoma ukiigusa. Tabora iko juu, kama mita 1,200, na Kigoma kando ya ziwa ni kama mita 770. Ukipanda, hewa ya nje inapungua uzito na iliyo ndani ya mfuko inatanuka. Ndiyo maana sijazi mfuko hadi mwisho. Ukifika Dar, usawa wa bahari, mambo yanageuka, mfuko unalegea karibu sehemu moja ya kumi. Mteja asiyejua anafikiri umevuja, anakimbilia kuufungua, na hapo ndipo matatizo yanaanzia.

Kiyoyozi cha gari kilitubeba vizuri mpaka Itigi na Manyoni. Saa 4 asubuhi vipimajoto vinasoma 25.0, 24.9, 25.3. Nikaanza kufurahi.

Mteremko wa Saranda tukakuta magari yamesimama. Lori la mizigo limelala upande, limeziba njia. Mbele yetu mabasi, nyuma yetu mabasi, haiwezekani kugeuza. Shemeji aliacha injini ikiunguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, lakini baada ya nusu saa mshale wa joto la injini ukaanza kupanda. Tulitazamana. Akasema, "Shemeji, nikiendelea tutakosa gari na samaki." Akazima.

Ndani ya dakika kumi gari lilikuwa tanuri. Nje ni nyuzi 34 kivulini, na kivuli chenyewe hakuna. Boksi la tatu, lililokuwa karibu na dirisha, lilisoma 26.8, kisha 27.4.

Tulifanya haya. Tulifungua milango yote upepo upite. Maboksi tuliyavuta katikati ya gari, mbali na vioo. Kisha nikatoa vitenge vinne nilivyovibeba kwa kazi hii na magunia mawili ya katani, lakini maji tuliyokuwa nayo yalitosha kulowesha viwili tu. Chini ya barabara kulikuwa na nyumba, mama mmoja anapeta mtama. Nilishuka. "Shikamoo mama, samahani, naomba maji ya kulowesha nguo, nina samaki hai kwenye gari." Alinitazama, akaacha ungo, akanijazia ndoo mbili na kumwita kijana wake aibebe ya pili. Hakuchukua hela. Kwa nchi ile, na mwezi ule, ndoo mbili za maji si jambo dogo, na sitamsahau.

Vitenge vilivyolowa tulivitundika milangoni upande wa upepo, magunia tukayatandaza juu ya paa. Hewa ya Manyoni na Dodoma mwezi wa Oktoba ni kavu sana, maji yanakauka kwenye nguo unaiona kwa macho, na yakikauka yanaondoka na joto. Upepo unaopita kwenye kitenge kibichi unaingia ndani ukiwa umepoa. Dar huwezi kutegemea njia hii, hewa ya pwani imejaa unyevu, nguo inabaki imelowa na joto linabaki pale pale.

Hapo sasa nikafungua deli. Chupa moja ya barafu kwa kila boksi, imezungushwa gazeti kurasa sita, imelazwa juu ya mifuko, chini ya mfuniko. Juu, kwa sababu baridi inashuka. Gazeti, kwa sababu chupa ikigusa mfuko moja kwa moja, samaki wa mfuko ule anapigwa na ubaridi wa ghafla, na mshtuko huo ni mbaya kuliko joto lenyewe. Samaki hawa wakipanda taratibu hadi nyuzi 29 wanavumilia, hata ziwa lao kwa juu hukaribia huko. Lakini ukiwashusha nyuzi tano ndani ya dakika kumi kwa kuwahurumia, umewaua. Kazi ya barafu ile ilikuwa kuzuia namba isipande, basi. Boksi la tatu lilifika 28.3 likasimama. Nilikaa nikikodolea kioo kile kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. 28.3. 28.3. 28.2.

Katikati ya hayo nikasikia tone. Frontosa mmoja alikuwa ametoboa. Nilipouinua mfuko wake, wa ndani ulikuwa umelegea na maji yameingia kwenye gazeti, na wa nje unavujia kwenye mkunjo. Yeye mwenyewe alikuwa amelala upande kidogo, mashavu yanakwenda haraka haraka, jicho moja linanitazama. Niliuteremsha mfuko wote kama ulivyo ndani ya mfuko mpya, nikafungua shingo ya ndani, nikasukuma ile hewa ya zamani itoke bila kutikisa maji, nikaingiza oksijeni ya mtungi mdogo, nikafunga. Hata dakika mbili hazikufika. Maji sikubadilisha, na nilikuwa na maji safi kwenye dumu mita moja kutoka mkononi.

Hapa ndipo mahali pa kueleza wale 38.

Samaki ndani ya mfuko anatoa vitu viwili: amonia kupitia mashavu, na hewa ya kaboni anayoitoa akipumua. Kaboni ikijaa ndani ya mfuko uliofungwa inaongeza asidi kwenye maji, pH inashuka kutoka 9 hadi kuelekea 7. Jambo hilo linamsaidia. Kwenye pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH ya 9 inavuka theluthi, na joto likipanda inazidi. Kwa hiyo samaki aliyefungwa saa 24 anaishi kwenye maji yenye amonia nyingi ambayo imelala. Mwaka jana mteja wangu nami tulifungua mifuko yote, tukaiacha mdomo wazi ikielea, tukaanza kuongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa nzima, ili wazoee. Tulifikiri ni upole. Kaboni ikatoka kwenda hewani, maji yetu ya pH 8.8 yakaingia, na ile amonia iliyolala ikaamka yote ndani ya maji waliyokuwa wakiogelea. Walianza kutweta, wakageuka matumbo juu, mmoja mmoja. Nilikuwa nimewavusha kilomita 1,200 za jua nikaja kuwaulia mlangoni. Nilimlipa mteja hela yake yote.

Njia ilifunguliwa saa 7 na robo mchana. Bahi joto lilikuwa kali zaidi, ni bondeni, lakini gari likiwa linatembea kiyoyozi kinafanya kazi, na maboksi yakarudi 26 kabla ya kufika Dodoma. Nilitoa chupa za barafu zilizoyeyuka nikaweka nyingine tatu. Kibaigwa, Gairo, Dumila, nimeviona kwa shida, nilikuwa nasinzia na kuamka kutazama namba. Morogoro ilikuwa giza. Foleni ya Kibaha hadi Kimara ilitula saa nzima.

Alhamisi usiku, Dar es Salaam

Saa 5 na nusu usiku mama alitufungulia geti. Hakuuliza habari za njia, aliuliza, "Wako hai?" Taa za tangi zilikuwa zimezimwa, imebaki moja ya ukumbini.

Mifuko imelegea kama nilivyotarajia. Tuliielea juu ya maji ikiwa imefungwa, dakika 25, hadi kipimajoto cha mfuko na cha tangi vikawa sawa, 26. Mama alinyoosha mkono kwenye rababendi ya mfuko wa kwanza ili awaonjeshe maji mapya. Nikamshika mkono kwa heshima. "Mama, naomba tusifungue mpaka tuwe tayari kuwatoa." Kisha tukafanya mfuko mmoja kwa wakati: kata shingo, mimina kupitia wavu juu ya ndoo, samaki aingie tangini papo hapo, maji ya mfuko yasiingie hata tone. Sekunde kumi kwa mfuko. Maji ya ndoo yalikuwa ya njano kidogo na yananuka. Alipoyanusa, mama alirudi nyuma hatua moja.

Duboisi wawili walikuwa wamekufa, wote mfuko mmoja wa boksi la tatu, lile la dirishani. Watatu waliobaki humo walikuwa wamepauka, madoa yao hayaonekani. Frontosa wa mfuko uliotoboka alishuka taratibu mpaka chini, akakaa juu ya mchanga, mapezi yamefungwa.

Mama alisema wawili kati ya 62, kwa joto hili, tushukuru. Nami nashukuru. Lakini boksi lile nililiweka dirishani mimi, kwa sababu lilipakiwa mwisho na pale ndipo palipokuwa na nafasi. Safari ijayo maboksi yanapangwa kwanza, godoro na mizigo yetu baadaye.

Ijumaa, Dar es Salaam

Nimelala sakafuni dukani. Saa 12 asubuhi niliwakuta duboisi wamesambaa kwenye mawe, wanakwangua, wale weusi wenye nyota, wanafukuzana. Ukianza kuwaona wanafukuzana jua wamepona. Waliopauka wamerudisha madoa, mmoja bado anajificha nyuma ya pampu.

Mjukuu wa mama alitaka kuwapa chakula. Nikamwambia leo bado, kesho kidogo sana, mashavu yao yapumzike kwanza.

Jumamosi, Dar es Salaam

Mdogo wangu amepiga simu tangu alfajiri. "Kaka, wamekula?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya tangi. Duboisi wote walikula, hata yule wa nyuma ya pampu. Brichardi walikula. Frontosa watano walipanda. Wa sita bado yuko chini kwenye mchanga, ila mapezi ameyafungua, na chembe moja ilipozama karibu naye aliigeukia, akaitazama, akaiacha.

"Mmoja bado," nikamwambia. "Nitakaa mpaka Jumatatu."